Boti Iliyogoma Kukimbia

Gari la barafu lilikuwa limeshafunga milango boti ya Mwendo ilipogusa mchanga. Hakuwa na haja ya kuuliza. Alisikia komeo la chuma likigongwa, akamwona dereva anajifuta mikono kwa tambara, akazima mashine na kubaki ameketi palepale nyuma, bado ameng'ang'ania mpini wake. Makreti mbele yake yalikuwa yamejaa pomoni. Samaki wazuri, wanene, macho bado yanang'aa, na wote sasa wangekwenda kwa wakaushaji, watu wanaonunua kwa bei ya kukuonea huruma, tena huruma yenyewe ya kubania.

"Mwendo, leo umekuja kwa miguu?" aliuliza mmoja wa wabeba makreti, na wenzake wakaangua kicheko.

Jina hilo la utani ndilo lililomchoma kuliko kicheko. Alipewa enzi zile boti yake ilipokuwa ikitangulia zote kurudi kutoka maji ya kina, imeinua kifua, na watu wa ufukweni wakautambua mlio wa mashine yake kabla hawajamwona. Sasa mwendo ulikuwa umekwisha na jina limemganda. Kipara akiota nywele angalau watu humtafutia jina jingine. Yeye walimwachia lilelile, wakawa wanalitamka kwa kulivuta kila anapochelewa.

Mbele kabisa, kwenye omo, kaka yake alikuwa anajiinua taratibu kutoka kwenye kiti chake. Huyu ufukwe mzima ulimwita Bonge, wala hakuwahi kukasirika, maana alikuwa bonge la mtu kweli. Akishuka, boti inapumua. Ndugu hao wa tumbo moja walinunua boti hiyo pamoja, boti ya faiba, ambayo chini ya sakafu yake mna sponji ngumu ya kuifanya ielee hata ikijaa maji. Mwendo hukaa nyuma kwenye mashine, Bonge mbele kwenye nyavu, na katikati yao maneno hurushwa safari nzima: ya ugomvi, ya utani, ya kumsengenya huyu na yule. Wavuvi wengine walisema boti ile inakwenda kwa petroli na umbea.

Misimu kadhaa nyuma Bonge aliumia mgongo akivuta wavu. Mtu mwingine angemwambia kaka yake abaki nyumbani. Mwendo aliokota kiti cha ofisini kilichotupwa, akaking'oa magurudumu, akakiwekea bamba la chuma na kukifunga sakafuni kwa skrubu ndefu, ndefu kupita zilizohitajika, ili wimbi la namna yoyote lisimng'oe mkubwa wake. Watu walicheka kumwona mvuvi ameketi kwenye kiti cha meneja. Bonge alikikalia kwa raha zake, na mgongo ukanyamaza.

Mwenye gari alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, ambaye wote walimwita Mama Barafu. Alimngoja Mwendo ashuke, kisha akamwendea mwenyewe, jambo ambalo halikuwa dalili njema.

"Mama, nimechelewa kidogo tu," Mwendo akamuwahi.

"Kidogo nako ni kuchelewa, mwanangu. Mimi nikikusubiri wewe, barafu hainisubiri mimi."

"Kesho nitawahi."

"Kesho uliniambia na juzi. Sasa nisikilize. Mwezi huu ukiisha nimeambiwa na wanunuzi wangu nichague boti tatu tu za kuzingoja. Mbili ninazo. Ya tatu nilitaka iwe yenu, kwa sababu samaki wenu hawana longolongo. Ila mambo yakiwa ndiyo haya, namchukua yule wa boti nyekundu."

Akapanda gari lake akaenda zake. Mwendo alibaki na makreti, na wakaushaji wakaanza kusogea huku wanajifanya hawana haraka. Alijua maana ya maneno yale. Boti isiyo na gari la barafu ni boti ya kuchoma mafuta bure. Baada ya muda mfupi unauza mashine, halafu unauza boti, halafu unaanza kuvulia boti ya mtu mwingine na kumwita bosi kijana uliyemfundisha kufunga kamba.

"Tutawahi tu, mdogo wangu," Bonge alisema, akijinyoosha kiuno.

"Tutawahi kwa nini? Kwa dua?" Mwendo akamjibu.

Hapo ndipo ulipoanza ugonjwa wa Mwendo wa kusaka kasi. Alianza na fundi mashine, mtu wa kibanda cha mabati nyuma ya soko, ambaye huzungumza na mashine vizuri kuliko anavyozungumza na wenye mashine. Fundi alifungua plagi, akaziangalia, akazirudisha. Akasafisha kabureta. Akabadilisha oili ya chini. Akaiwasha ndani ya pipa la maji na kuisikiliza ameinamisha kichwa.

"Mashine nzima," akasema.

"Haiwezi kuwa nzima."

"Mimi nakwambia nzima. Haijachoka. Inachoshwa."

"Inachoshwa na nini?"

"Mimi fundi wa mashine, Mwendo. Boti si yangu."

Mwendo aliondoka amefura. Alikuwa amejiandaa kuambiwa kitu kimekufa, akinunue, yaishe. Mtu akikwambia huna ugonjwa na wewe huwezi kutembea, hajakusaidia kitu.

Akaipandisha boti kwenye mchanga, akalala chini yake na kukwangua tumbo lote kwa kikwangulio, magamba na utelezi vikimwangukia usoni, mpaka faiba ikawa nyororo kama sahani. Alitumia siku nzima kwa kazi hiyo na akapata kikohozi kikavu na macho mekundu. Kasi ilikuwa ileile.

Kasi hiyo aliipima kwa simu ya mke wake. Mkewe alikuwa mshonaji, mwenye cherehani yake sebuleni na wateja wasiokwisha, na maji hakuyapenda hata ya kwenye beseni. Lakini simu yenye uwezo wa kusoma mwendo ilikuwa yake, na alikataa katakata kuitoa iende majini bila yeye. Kwa hiyo walikwenda wote: Mwendo nyuma, Bonge kwenye kiti chake mbele, na mama watoto katikati, amekalia mto, amefunga kanga mbili kichwani, ameshika simu kwa mikono yote.

"Soma!" Mwendo alipiga kelele mashine ilipofika mwisho.

"Thelathini na moja."

"Soma tena."

"Nimesoma. Haitapanda kwa sababu umekunja uso."

Zamani, kwa simu hiyohiyo, ilikuwa kilomita arobaini na zaidi kwa saa. Thelathini na moja ni mwendo wa kupeleka wageni kutazama mandhari.

Alirudi kwa fundi, akaazima pangaboi jingine, lile linalozunguka chini ya mashine na kuisukuma boti. Lile la kwake lilikata maji kwa hatua ndefu na mashine ilikuwa inajikongoja. Hili lilikuwa la hatua fupi, na mashine ikazunguka kwa nafuu. Ikafika thelathini na tatu. Mwendo alichangamka hadi mkewe akamwonea imani. Kesho yake akaja na wazo kwamba mashine imekaa chini mno, inaburuta mguu wake majini bila sababu. Akaichomekea kipande cha ubao chini yake ili inyanyuke. Walipokata kona, pangaboi likameza hewa, mashine ikapiga ukelele wa kuchinjwa, na boti ikasimama kama iliyoulizwa swali gumu. Akautoa ubao, akaweka mwembamba zaidi. Akaugeuza. Akautupa.

Halafu akahamia kwenye pini, ile inayoamua mashine ilale vipi kwenye ubao wa nyuma. Akiichomeka tundu la ndani, pua ya boti inachimba maji na Bonge anaoga. Akiichomeka tundu la nje, boti inakaa kitako na kukataa kunyanyuka. Akiichomeka katikati, thelathini na tatu. Kila njia aliyopita ilimrudisha pale pale, thelathini na tatu, hadi akawa anaichukia namba yenyewe. Siku moja mteja wa mkewe alitaja kiuno cha inchi thelathini na tatu, na Mwendo akainuka akatoka nje.

Na kila asubuhi ya kuvua, ama komeo la gari linagongwa wakiwa bado mbali, ama wanakuta makreti ya mwisho ya watu wengine yanapakiwa na nafasi imekwisha. Boti nyekundu ilikuwa inawapita mapema, kijana wake amesimama, anapunga mkono kwa heshima zote. Heshima hiyo Mwendo aliiona ni matusi.

"Tupunguze mizigo," aliamua.

Akatoa nanga kubwa akaacha ndogo. Akatoa sanduku la spana, akabaki na spana mbili mfukoni. Akatoa turubai la kivuli, dumu la akiba, kamba za ziada, na ndoo moja kati ya mbili. Akatoa chupa ya chai ya Bonge.

"Na chai nayo ni mzigo?" Bonge aliuliza.

"Kila kitu mzigo."

Alisema hivyo huku anamwangalia, akatazama pembeni upesi. Lakini jicho lilikuwa limeshaenda, na likishakwenda mahali halina adabu, linarudi. Kutwa nzima lilimrudia yule mtu mkubwa aliyejaa kwenye kiti chake, mgongo mpana, shingo ya mikunjo, anaimba chinichini bila wasiwasi wowote duniani. Mwendo akaanza kupiga hesabu. Nanga kilo ngapi, dumu kilo ngapi, na kaka je? Aliona aibu kwa hesabu hiyo, na aibu ile badala ya kumtuliza ikamzidishia hasira, kama vile Bonge ndiye aliyemlazimisha kuipiga.

Alimwambia asubuhi moja, wakiwa wawili tu kando ya boti, kabla ya kuisukuma.

"Kaka, leo ningependa ujipumzishe."

"Sijachoka."

"Mgongo wako."

"Mgongo wangu hauna neno. Nina kiti." Bonge alimtazama, kisha akaitazama boti, iliyokuwa tupu kama chumba cha mtu anayehama. Hakuwa mjinga. "Aa," akasema. "Nimefikiwa mimi."

"Ni kwa muda tu. Mpaka mwezi uishe. Mama Barafu akishatuchagua..."

"Sema tu ni unene, bwana mdogo. Mbona ufukwe mzima unasema na mimi sijafa?"

"Sijasema unene."

"Ndiyo maana nakwambia useme."

Mwendo alijifanya anakaza kitu kwenye mashine ambacho hakikuwa kimelegea. Bonge alipanda, akachukua koti lake la mvua, akashuka kwa uangalifu akishikilia kiuno, akaenda zake kwa mwendo wake uleule, bila kugeuka nyuma. Ingekuwa nafuu angetukana.

Mahali pa Bonge alikwenda mvuvi mmoja wa kuazima, mwembamba wa kupitiliza, mtu ambaye hata upepo ungemsaidia kupanda. Hakuwa na neno la kuzungumza. Alivuta nyavu na kutema mate majini, basi. Mwendo alifungua mashine mpaka mwisho na kuitupia jicho simu, ambayo mkewe alikuwa amemwazima kwa shingo upande baada ya kuifunga ndani ya mifuko miwili ya nailoni.

Thelathini na nne.

Aliitikisa, kana kwamba simu ndiyo iliyokuwa na kosa. Thelathini na nne. Amemshusha kaka yake mzima, mwenye boti mwenzake, mtu aliyembeba mabegani alipokuwa hajui kuogelea, na amelipwa kilomita moja. Na gari la barafu walilikuta linageuza.

Kuna hasira inayomfanya mtu alale, na kuna inayomfanya avunje vitu. Ya Mwendo siku hiyo ilikuwa ya pili. Alipomaliza kuuza kwa wakaushaji alichukua zile spana zake mbili na bisibisi, akapanda ndani ya boti na kukiendea kile kiti. Kama kaka hayupo, kiti cha nini? Bamba lile la chuma peke yake lilikuwa na uzito wa mtoto. Akainama, akaweka bisibisi kwenye skrubu ya kwanza, akazungusha kwa nguvu zote. Ilikuwa na kutu, ikalia, ikaanza kutoka.

Ilipotoka yote, maji yakatoka nyuma yake.

Mwendo alifikiri ni maji ya juu, ya kuoshea utelezi wa samaki, yaliyotuama kwenye tundu. Akayafuta kwa kidole. Yakajaa tena. Akatoa skrubu ya pili, na pale kiti kilipolegea na yeye akalikandamiza bamba kwa goti, maji yakapanda kwa matundu yote mawili, meusi, yananuka samaki wa zamani. Yalikuwa yanatoka chini ya sakafu, mahali pasipotakiwa kuwa na hata tone.

Alikaa chini. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba wabeba makreti walianza kuulizana kama amepatwa na jambo.

Wakaipandisha boti. Kazi ya watu sita ilichukua watu kumi, na hata hao walihema, na Mwendo akajiuliza imekuwaje asiuone uzito huo alipoikwangua. Kisha akakumbuka kwamba siku ile pia aliomba msaada wa watu wengi, akawakaripia kwa uvivu. Fundi mashine alikuja na drili yake, akatoboa tundu dogo chini kabisa ya tumbo, karibu na ubao wa nyuma. Maji yakaanza kumwagika. Wakala chakula cha mchana, yakawa yanamwagika. Watoto wakaja kunawa miguu, yakawa yanamwagika. Walipokata kipande cha sakafu walikuta ile sponji ngumu, iliyotakiwa kuwa nyepesi kama kizibo, imelowa chapachapa, na kila bonge walilotoa lilihitaji watu wawili kulibeba.

"Yameingilia wapi?" mtu aliuliza.

Kuzunguka miguu ya kiti, kila skrubu ilikuwa imetoboa sakafu hadi ng'ambo, na kila siku Mungu aliyoileta wao wamemwaga ndoo juu yake kuosha utelezi, na maji yamefuata njia iliyotobolewa. Skrubu fupi zisingefika huko. Mtu asiyempenda kaka yake angetumia skrubu fupi.

Mke wa Mwendo alifika jioni na furushi la chakula, akatazama lile tundu na ziwa dogo lililokuwa mchangani.

"Kwa hiyo si shemeji," akasema.

"Si yeye."

"Shemeji alikuwa kilo ngapi, na haya kilo ngapi?"

"Mama watoto, niache."

"Nakuacha. Nilitaka tu kujua."

Zikabaki siku chache mwezi uishe. Mwendo alikausha boti kwa jua, akaweka sponji mpya, akarudisha sakafu, akaipaka faiba mara mbili na kuziba kila tundu kwa mikono yake mwenyewe, hakumruhusu mtu aguse. Alifanya kazi bila kula vizuri na bila kusema na mtu. Kila alipopumzika alijiambia atakwenda kwa Bonge, na kila alipojiambia hivyo alipata kitu kingine cha kupiga msasa.

Walipoijaribu, boti iliruka. Hakuna neno jingine. Mashine ilikohoa mara moja na kuinuka kama iliyofunguliwa pingu, na mkewe, aliyekuwa amekalia mto wake, akasoma bila kuulizwa.

"Arobaini. Arobaini na moja. Arobaini na..."

Hapo pua ikainuka juu, ikaanguka, pwaa, ikainuka, ikaanguka. Boti ilianza kurukaruka kama chura, na kila inapoanguka mto unahama na mama watoto anahama nao. Mwendo alipunguza mafuta ikatulia. Akaongeza, pwaa. Akajaribu pini tundu la ndani: ikatulia kidogo na kasi ikashuka. Tundu la nje: chura.

"Nishushe," alisema mkewe. "Simu ina uwezo wa kusoma. Mimi sina tena."

Fundi aliwangoja ufukweni, mikono kiunoni. Alikuwa ameona yote.

"Sasa imekuwa nyepesi," alisema. "Nyuma kuna mashine, kuna tangi, kuna wewe. Mbele hakuna kitu. Pua inacheza. Ukitaka arobaini na kitu zako zitulie, weka uzito mbele."

"Uzito kiasi gani?"

Fundi alikuna kidevu na kutazama maji. Mama watoto naye akatazama maji. Kwa mara ya kwanza tangu yaanze mambo haya, hakuna aliyekuwa na utani.

Alikwenda kwa Bonge jioni hiyohiyo. Shemeji yake, mke wa Bonge, alimfungulia mlango, akampokea kwa salamu fupi iliyotimiza adabu na kuishia hapo, akarudi kwenye nguo alizokuwa anakunja. Bonge alikuwa amelala chali sakafuni sebuleni, miguu juu ya kochi, namna anavyopenda mgongo ukimsumbua, anaangalia televisheni iliyozimwa sauti.

"Karibu, bwana mdogo. Kaa. Mimi nakusikia hapa hapa."

Mwendo akakaa kwenye ncha ya kiti. Akamweleza yote: skrubu, maji, sponji, siku za jua. Hakujipunguzia. Alisema, "Nilikosea, kaka, na nilikosea mara mbili, na ya pili ndiyo mbaya." Bonge aliitikia kwa koo, mm, mm, kama anayesimuliwa habari za mtaa wa pili.

"Pole," akasema mwisho. "Kazi ya faiba inawasha mikono."

"Nimekuja kukuomba urudi."

"Nimeshapata kazi. Kijana wa boti nyekundu amenichukua. Ananipa mahali pa mbele, kanitandikia na godoro. Boti yake ilikuwa inarukaruka." Akageuza kichwa na kumtazama kwa mara ya kwanza. "Yako sasa inakwendaje?"

Mwendo angeweza kudanganya, lakini kwa Bonge hakuwahi kuweza, hata walipokuwa wadogo.

"Inarukaruka."

Shemeji yake aliacha kukunja nguo.

Bonge hakucheka, ingawa mahali pa kucheka palikuwepo. Alishusha miguu, akajiviringisha ubavu, akajiinua hatua kwa hatua mpaka akakaa, mgongo kwenye kochi.

"Nataka kukuuliza kitu, na usiniharakishe jibu. Unanitaka mimi, au unataka kitu cha kuweka mbele?"

"Wewe. Nakutaka wewe, kaka."

"Vizuri. Basi kesho namwambia kijana siendi. Nakuja kwako. Ila sikai mbele. Mimi nakaa nyuma, karibu na wewe, tuongee vizuri bila kupigiana kelele. Tumeshazeeka kurushiana maneno boti nzima."

Lilikuwa ombi dogo. Mtoto angelijibu. Mwendo alifungua kinywa kusema njoo, kaa utakapo, na kabla neno halijatoka akaiona boti: mashine nyuma, tangi nyuma, yeye nyuma, na Bonge nyuma. Akaiona imekaa kitako, pua juu angani. Akaiona thelathini na tano, labda thelathini na nne. Akaona milango ya gari la barafu. Yote yalimpita kichwani kwa muda mfupi sana, muda wa kumeza mate, lakini kaka yake alikuwa amemwangalia usoni maisha yake yote na hakuhitaji muda mrefu kuliko huo.

"Unapiga hesabu," Bonge alisema.

"Hapana, kaka. Nilikuwa..."

"Unapiga hesabu, mdogo wangu. Si vibaya. Una watoto." Akampiga bega, pigo jepesi, la mkono mzito. "Nenda kajaze mchanga kwenye magunia. Mawili yatatosha. Mchanga hauumwi mgongo na hauombi chai."

Mwendo alibembeleza. Alisema kaa popote, kaa juu ya mashine ukitaka, na alikuwa anamaanisha, sasa alikuwa anamaanisha kabisa. Bonge alimwitikia kwa upole mpaka mlangoni, akamwambia asalimie nyumbani.

Siku ya mwisho wa mwezi Mwendo aliingia wa kwanza. Magunia mawili ya mchanga yalikuwa mbele, yamefungwa kwa kamba, na boti ilikuja imenyooka, imeinua kifua, haikurukaruka hata mara moja. Simu ilisoma arobaini na nne, namba ambayo hakuwahi kuipata hata enzi zake. Watu wa ufukweni walisimama, mmoja akaita "Mwendo!" bila kulivuta jina. Mama Barafu alipokea kreti la kwanza, akalisukuma ndani ya gari, akasema, "Haya, yaishe. Wewe ndiye wa tatu." Mwendo akashukuru, na alipoulizwa na wabeba makreti amefanyaje, akawapa kreti la pili.

Boti nyekundu ilifuata nyuma yake. Kijana akazima mashine, na kutoka mbele, kutoka kwenye godoro lake, Bonge akashuka taratibu ameshikilia kiuno. Alisimama akaiangalia boti ya faiba ilivyokaa majini, akatikisa kichwa kwa kuridhika kama fundi anayepitisha kazi ya mwenzake. Kisha akamwona mdogo wake anamtazama, akampungia mkono, vilevile anavyowapungia wavuvi wengine wote.